Mvinyo kwa Anayeanza: Namna ya Kuuchagua na Kuuonja

Ukiingia katika duka la vinywaji pale Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo, si ajabu kukuta rafu moja imebeba chupa za aina tatu, na zote zimeandikwa neno "wine". Ya kwanza imetoka Dodoma, imetengenezwa kwa zabibu na ina kileo cha asilimia 12. Ya pili imetoka Afrika Kusini na bei yake ni karibu maradufu ya ile ya kwanza. Ya tatu ina rangi nyekundu iliyokolea, ni tamu kama sharubati, na ukiisoma lebo yake kwa makini utaona kwamba ndani yake hamna zabibu hata moja: kuna maji, sukari, kileo, rangi na vionjo vya kiwandani. Mnunuzi anayeanza mara nyingi huichukua hiyo ya tatu, kwa kuwa ni nafuu na haimkwaruzi koo. Akishaizoea, siku atakayoonja mvinyo wa zabibu atauona mchachu na atadai kuwa umeharibika.

Kuuza kinywaji cha namna hiyo si lazima kuwe kosa, mradi kimetimiza viwango na lebo yake inasema kweli. Hasara iko kwingine. Mlaji asiyejua mvinyo wa zabibu una ladha gani hana kipimo cha kumwambia ni lini ameuziwa kitu kingine kwa jina hilo. Bei haimsaidii, kwani hata chupa ya bei kubwa huweza kuharibika au kughushiwa. Urembo wa lebo ndio kabisa haumsaidii. Wala hasara hiyo haiishii kwake. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi aliyetumia miaka kuihudumia mizabibu yake anaweza kukosa mnunuzi wa mavuno, ilhali mjini watu wananunua maji yaliyotiwa rangi kwa jina la zao lake.

Kabla ya kuendelea, ieleweke kwamba maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mzima aliyekwisha kuamua kunywa mvinyo na anayetaka kujua anachokinunua. Hayamshawishi yeyote kuanza. Wapo wengi miongoni mwetu wasiotumia kileo kwa sababu ya dini, afya au hiari yao, na hawapungukiwi na chochote. Aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kuuziwa. Mama mjamzito, dereva aliye safarini, na mgonjwa anayetumia dawa zisizopatana na kileo, mfano metronidazo, nao hawahusiki na chupa hii leo.

Zabibu inavyogeuka

Neno mvinyo lilitufikia kutoka kwa Wareno. Makanisani husikika zaidi neno divai. Vijana wa mjini husema waini. Yote matatu, kwa maana yake ya asili, hutaja kitu kimoja: maji ya zabibu yaliyochachuka.

Kuchachuka huko ni kazi ya hamira, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya kabonidayoksaidi. Kwa makadirio, gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kileo. Basi maji ya zabibu yenye gramu 220 hivi za sukari kwa lita yatatoa mvinyo wa asilimia 13, na sukari yote ikishaliwa, mvinyo huo hautakuwa mtamu tena. Wengi hustaajabu: zabibu ni tamu, mbona mvinyo wake si mtamu? Utamu wenyewe ndio uliogeuka kileo. Mvinyo wa namna hiyo huandikwa "dry" kwenye lebo, neno linaloweza kumpotosha mtu akadhani kuna kitu kimekaushwa, kumbe maana yake ni kwamba sukari imekwisha au imebaki kidogo sana. Ukiandikwa "sweet", ujue sukari imebakizwa kwa makusudi au imeongezwa.

Hamira nyingi huzidiwa na kileo kinapofika asilimia 15 au 16. Kwa hiyo chupa yenye asilimia 18 kwa kawaida imeongezewa pombe kali. Ipo mivinyo yenye heshima kubwa duniani inayotengenezwa hivyo, kama ule wa Porto wa nchini Ureno, lakini mnywaji anapaswa kujua kwamba anashika chombo kizito zaidi.

Rangi hutoka katika ganda. Zabibu nyingi nyeusi, ukizikamua upesi, hutoa maji yasiyo na rangi. Ni baada ya kuachwa yachachuke pamoja na maganda ndipo yanapokuwa mekundu. Maganda hayohayo na mbegu ndiyo huupa mvinyo mwekundu ule ukakasi unaokausha ulimi na ufizi. Mvinyo mweupe huchachushwa bila maganda, ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo na uchachu wake hujitokeza zaidi.

Kuna pia vinywaji vilivyochachushwa kutokana na ndizi, nanasi na rozela, ambavyo hapa nchini vina wapenzi wao wa miaka mingi. Hivi ni mvinyo wa matunda, na jina la tunda husika linapaswa kuonekana kwenye lebo. Si vya kudharauliwa hata kidogo. Ila visipimwe kwa kipimo cha zabibu, wala visiuzwe kana kwamba ni zabibu.

Dodoma ipo karibu kuliko unavyodhani

Anayeanza kujifunza ana bahati ya kuishi katika mojawapo ya nchi chache za Afrika Mashariki zenye mashamba ya zabibu ya kutajika. Mizabibu ilipelekwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki, na eneo la Bihawana linakumbukwa kwa kuwa mojawapo ya mahali ilipoanzia katika karne ya 20. Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho kinachoshughulikia mbegu za zabibu, na aina mashuhuri ya zabibu nyekundu ya Dodoma inaitwa kwa jina la mahali hapo hapo, Makutupora. Kwa mvinyo mweupe hulimwa sana Chenin Blanc, na kwa mwekundu hulimwa pia Syrah.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana ni jua kali na usiku hewa hupoa. Mvua ni ya msimu mmoja na si nyingi. Hakuna majira ya baridi ya kuilaza mizabibu kama ilivyo Ulaya, kwa hiyo mkulima akiipogoa kwa mpangilio huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida kuelekea Machi na tena kuelekea Septemba. Mkulima wa Ufaransa huvuna mara moja tu. Sheria ya ushuru wa bidhaa nayo imekuwa ikitoza kiwango kidogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Hii ni sababu mojawapo ya chupa nzuri ya Dodoma kupatikana kwa bei isiyoumiza, na mwandishi wa maelezo haya haoni aibu kusema kwamba kwa anayejifunza, kuanza na Dodoma ni busara ya mfuko na ya ulimi pia. Mvinyo wa mbali haupati ubora kwa kuvuka bahari. Wakati mwingine huupoteza humo humo safarini.

Soma kabla ya kulipa

Igeuze chupa. Lebo ya mbele ni ya muuzaji. Ya nyuma ndiyo yako. Humo tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, na ikiwa chupa imetoka nje, jina la aliyeiingiza nchini, ujazo, kiwango cha kileo, viambato, na namba ya toleo. Kama umeandikwa mwaka peke yake, mara nyingi ni mwaka wa mavuno. Usishangae kukosa tarehe ya mwisho wa matumizi: kanuni za kimataifa za vyakula haziulazimishi mvinyo kuwa nayo. Ukiona maneno "contains sulphites", maana yake umetiwa salfaiti, kihifadhi kinachotumika duniani kote katika mvinyo. Mwenye pumu aliyewahi kudhurika nayo ajihadhari.

Katika orodha ya viambato ndimo ukweli ulimojificha. Mvinyo wa zabibu hautaji rangi wala vionjo. Penye maneno "flavoured" au "wine drink", au sukari ikitajwa mbele ya tunda, umeshika kinywaji cha jamii nyingine. Nunua ukipenda, lakini kwa bei yake na kwa jina lake.

Bidhaa ya ndani iliyopewa leseni na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hubeba alama ya ubora ya shirika hilo. Juu ya hayo, tangu mwaka 2019 chupa za mvinyo hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na mnunuzi anaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Tahadhari moja: stempu ni ushahidi kwamba kodi imelipwa na chupa inatambulika, wala haimaanishi kuwa mvinyo ni mtamu, mzuri au ulihifadhiwa vyema. Chupa isiyo na stempu, au yenye stempu iliyochanika na kubandikwa upya, iache dukani. Hapa ulimi hautoshi kukuokoa. Methanoli, sumu inayoweza kuwamo katika pombe za kughushi, haiwezi kutambuliwa kwa kuonja, na huweza kupofusha au kuua. Aliyekunywa na baada ya saa kadhaa akaona ukungu machoni, akatapika na kuumwa kichwa kupita kawaida, apelekwe hospitali bila kusubiri kulala "zimtoke".

Soma pia hesabu ya kileo, ambayo wanywaji wa bia huikosea. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina mililita 97 na nusu za kileo halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo chupa moja ya mvinyo inakaribia bia nne, ingawa haijazi tumbo kama bia na kwa sababu hiyo hushuka upesi.

Mazoezi yasiyo na kileo

Kuonja ni ufundi wa kutenganisha vitu vilivyochanganyika, na mafunzo yake ya kwanza yanapatikana gengeni. Chukua glasi tatu. Katika ya kwanza kamulia ndimu ndani ya maji: huo ndio uchachu, nao utaujua kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Katika ya pili mimina chai ya rangi iliyochemshwa mno, isiyo na sukari: ule ukavu unaobaki kinywani ni ukakasi, ndugu wa ule wa bibo au ndizi mbichi. Katika ya tatu weka maji na sukari. Onja kila moja peke yake mpaka uweze kuyataja matatu hayo ukiwa umefumba macho.

Sasa rudi kwenye glasi ya ndimu, tia vijiko viwili vya sukari, koroga, onja tena. Ndimu haijapungua hata tone, lakini uchachu wake umefifia. Zoezi hili ndilo kiini cha somo zima. Sukari huficha. Huficha uchachu, huficha uchungu, huficha zabibu mbovu na huficha kwamba hakuna zabibu. Ubaridi mkali huongeza pazia la pili, kwani kinywaji kilichokaribia kuganda hakinukii. Ndiyo sababu vinywaji vya rangi na sukari husisitizwa vinywewe "baridi sana". Ukitaka kujua kilichomo, kiache kipate joto kidogo ndipo uonje. Mvinyo mzuri wa zabibu utazidi kufunguka. Kile kingine kitabaki na utamu mtupu na harufu ya pipi.

Haisemwi hapa kwamba mvinyo mtamu ni mbaya. Ipo mivinyo mitamu bora sana, na katika hiyo utamu husindikizwa na uchachu wa kutosha, kama embe bivu lenye ukali kidogo karibu na kokwa. Mtu anayependa utamu asione haya, wala asijilazimishe kupenda mwekundu mkavu eti ndio ustaarabu. Aanze na mweupe wenye utamu kiasi, ashuke taratibu kuelekea mkavu, na mwekundu aufikie baadaye, tena akiwa na chakula.

Mvinyo ukiwa mbele yako

Mimina kidogo, theluthi ya glasi tu, ili harufu ipate nafasi. Glasi yoyote safi, nyembamba na isiyonuka sabuni inafaa. Itazame mbele ya karatasi nyeupe. Mvinyo mwekundu mchanga huelekea zambarau, na mkongwe huelekea matofali. Mweupe uliogeuka rangi ya chai ilhali ni wa juzi umepata shida njiani. Zungusha glasi polepole, nusa, pumzika, nusa tena.

Hapa wanaoanza hukata tamaa, kwa sababu vitabu vya Ulaya huwaambia watafute harufu za matunda ambayo hawajawahi kuyaona. Yaache hayo. Pua yako imelelewa Pwani na ina kamusi yake. Katika mvinyo mwekundu tafuta zambarau, ubuyu, tende, karafuu, pilipili manga, ngozi ya kiatu kipya, moshi wa kuni. Katika mweupe tafuta pera, pasheni, nanasi, ganda la ndimu, asali, maua ya mwembe. Hakuna jibu la pekee lililo sahihi, lakini kuna swali lenye manufaa: je, nasikia harufu zaidi ya moja, na je, zinabadilika? Kinywaji cha vionjo vya kiwandani hunukia kitu kimoja kwa nguvu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama sabuni ya kuogea.

Kisha onja funda dogo, lizungushe kinywani, uulize uchachu uko wapi, ukakasi uko wapi, utamu uko wapi, na kuna kinachowazidi wenzake? Meza, au tema ikiwa unaonja aina nyingi, kisha hesabu ladha inadumu muda gani. Sekunde chache tu ni mvinyo wa kawaida. Ukiendelea kuusikia kwa nusu dakika na bado unapendeza, umepata kitu.

Njia ya haraka ya kujifunza ni kulinganisha. Watu wanne wachangiane chupa mbili, tuseme Makutupora na Syrah, zote za Dodoma, wazifunike kwa gazeti na kujimiminia mililita 50 za kila moja. Kila mtu aandike maneno yake kabla ya kusikia ya mwenzake, maana mwenye sauti kubwa mezani huwageuza wengine ndimi. Baada ya duru ya kwanza chupa ziende na chakula. Mwekundu wenye ukakasi hutulia mbele ya nyama choma, kwa kuwa mafuta na chumvi huulainisha. Mweupe mchachu hufanya kazi ya ndimu juu ya changu wa kukaanga au pweza. Pilipili nyingi na mvinyo wenye kileo kikubwa hazipatani, zitakuunguza maradufu.

Joto la kwetu

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "katika joto la chumba" ulitungwa Ulaya, kwenye vyumba vya nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Boko mwezi wa Februari kinapita nyuzi 30, na mvinyo katika hali hiyo hutoa kileo puani na kupoteza tunda. Uweke mwekundu kwenye jokofu kwa nusu saa kabla ya kuunywa. Mweupe saa mbili au tatu.

Joto hilo hilo ndilo adui wa chupa dukani. Tazama rafu iko wapi. Chupa zinazopigwa na jua la alasiri dirishani, au zilizopangwa juu ya jokofu linalotoa joto nyuma, huiva kama zimepikwa. Dalili zake ni kizibo kilichosukumwa juu, unato ulioteremka shingoni mwa chupa, na ladha ya zabibu zilizoungua. Mwambie muuzaji akupe chupa ya ndani, iliyo kwenye kivuli. Wengi hawakatai.

Kasoro nyingine mbili zinafaa kujulikana. Mvinyo unaonuka boksi la karatasi lililolowa una kizibo kilichoambukizwa. Unaonuka siki kali umeingiwa na hewa. Zote mbili hazikudhuru, ila hukulipia kupata hivyo, na una haki ya kurudisha. Lakini chembe zinazong'aa kama chumvi chini ya chupa, au mashapo meusi katika mwekundu, si vioo wala uchafu. Ni asidi ya zabibu iliyoganda na mabaki ya ganda, na mvinyo huo ni mzima.

Ukitaka kurudisha chupa, usiimalize. Ibakize ikiwa na robo tatu angalau, pamoja na kizibo chake na risiti ya mashine, na uirudishe siku hiyo au inayofuata. Muuzaji akikataa, au ukiona dalili za bidhaa bandia, peleka taarifa kwa TBS kwa masuala ya ubora na usalama, au kwa Tume ya Ushindani (FCC) kwa masuala ya bidhaa bandia na udanganyifu. Taja duka, tarehe na namba ya toleo. Bila namba hiyo ufuatiliaji huwa mgumu sana.

Chupa iliyofunguliwa na isiyokwisha irudishiwe kizibo na kuwekwa kwenye jokofu, hata ikiwa ni mvinyo mwekundu. Itakaa siku tatu, pengine nne. Ikizidi hapo, mimina kwenye mchuzi wa nyama unapoanza kuchemka.